Mvua ya Kimara inavyoishia Jangwani: hesabu ya kazi ambayo ardhi ya Dar ilikuwa inaifanya bure

Kijito (mleta uzi)

Wakuu, kila masika ni yale yale: Jangwani imejaa, barabara imefungwa, mwendokasi umekatisha safari, na lawama zote zinawaangukia waliojenga bondeni. Uzi huu unaanzia juu, kilimani, kwenye viwanja ambavyo kila kimoja kingeweza kuzamisha mvua yake kwenye shimo la uani.

Bonde la Msimbazi lina kilomita za mraba 289 hivi. Mto unaanzia vilima vya Pugu, njiani unapokea vijito vya Kinyerezi, Luhanga, Ubungo na Sinza, unamwaga baharini pale Selander. Tone likidondoka kwenye bati la Kimara, Segerea au Gongo la Mboto, mwisho wake ni mmoja: Jangwani.

Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 2.5 hivi Dar. Ya 2012 milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Hawa walioongezeka hawakuhamia Kariakoo. Walinunua viwanja pembeni, kwenye yaliyokuwa mashamba ya mikorosho, mihogo na vichaka. Kichaka kile hakikuwa "eneo tupu" kama madalali wanavyoliandika. Kilikuwa kazini.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Ikinyesha mvua ya milimita 50, kiwanja kimepokea lita 30,000.

Kikiwa kichaka juu ya mchanga, asilimia 15 hivi ndiyo inatiririka kutoka nje: lita 4,500. Iliyobaki inazama au inashikwa na majani.

Jenga sasa. Bati na pevingi mita 420, udongo wazi mita 180. Bati na pevingi vinatema asilimia 90 hivi, yaani lita 18,900. Udongo ulioshindiliwa unatema kama asilimia 20, lita 1,800. Jumla lita 20,700. Ni mara nne na nusu ya mwanzo, na mwenye kiwanja hajafanya kosa lolote la kisheria.

Na si wingi tu. Maji ya kichakani yanatembea kwa saa kadhaa, ya bati yanafika mtaroni ndani ya dakika. Vijito vilivyokuwa vinapishana sasa vinafika Kigogo kwa pamoja.

Kokoto7

Mkuu Kijito, hesabu nzuri ila tusidanganyane. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40, waathirika wakapelekwa Mabwepande. Mvua ya namna ile hata kichaka kinashiba, kikishiba kinatema kama bati. Sasa mtu achimbe shimo uani kwake eti aokoe Jangwani?

Kijito

Upo sahihi nusu, mkuu. Mvua kubwa sana udongo unashiba na tofauti kati ya kichaka na bati inapungua. Kwa mvua zile dawa ni nafasi ya mto: bonde pana lisilojengwa ambamo maji yanatanda, yanakaa siku moja mbili, yanaondoka. Ndiyo maana sheria ya mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Na ndiyo maana mradi wa bonde la Msimbazi unaogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia umelipa fidia watu wahame, ili pale pachimbwe, daraja linyanyuliwe na palipobaki pawe bustani ya kupokea maji.

Ila Jangwani haifungwi na mvua kama ya 2011 peke yake. Inafungwa na mvua za kawaida kabisa. Sababu kubwa ni mchanga na tope vilivyojaza sakafu ya mto. Kalavati lililojengwa na upenyo wa mita 2 likijaa mchanga mita 1.2, umebaki na sentimita 80. Wanachimbua, masika moja linajaa tena. Mchanga huo unatoka juu, kwenye viwanja vinavyochongwa na barabara za udongo zinazoshuka moja kwa moja na mteremko.

FundiKaro

Hapo kwenye shimo la uani niweke vipimo, maana mafundi wengi wanachimba kwa mazoea halafu wateja wanasema sokawei (shimo la kuzamisha maji ardhini) haifanyi kazi.

Kwanza pima udongo. Chimba shimo dogo la sentimita 30 kwa 30, lishuke hadi mita 1. Jaza maji jioni uache yanywe usiku kucha. Asubuhi weka maji kina cha sentimita 30, chomeka rula, soma kila nusu saa. Yakishuka zaidi ya sentimita 10 kwa saa, una mchanga mzuri (sehemu nyingi za Mbezi Beach, Kigamboni, Bunju). Yakishuka chini ya sentimita 1.5 kwa saa, usichimbe, pesa yako itaoza. Ukifika mita 2 ukakuta maji yanachuruzika, napo acha. Kitako cha shimo kinatakiwa kibaki walau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini wakati wa masika, siyo Agosti.

Ukubwa. Paa la mita za mraba 120, ukitaka limeze milimita 30 za kwanza: 120 × 0.03 × 0.9 = mita za ujazo 3.24. Ukijaza mawe, nafasi ya maji ni asilimia 40 tu, kwa hiyo unahitaji shimo la mita za ujazo 8, yaani 2 × 2 × 2. Ukijengea ukuta wa duara wa tofali zilizoachwa wazi pembeni bila mawe ndani, kipenyo mita 1.5 na kina cha maji mita 1.9 vinatosha. La pili lina gharama ya tofali na mfuniko wa zege, ila linasafishika. La mawe likiziba umezika hela.

Linakufa kwa nini? Moja, hakuna chemba ya kunasa mchanga kabla ya shimo. Weka chemba ya sentimita 60 kwa 60, kitako chake kishuke sentimita 30 chini ya bomba la kutokea, uzoe tope kila baada ya mvua kubwa. Mbili, mtu anaunganisha maji ya jikoni, mafuta yanapaka kuta, mwaka mmoja kwisha. Tatu, limechimbwa mita 1 kutoka msingi wa nyumba. Kaa mbali walau mita 5. Nne, hakuna bomba la kumwagia ziada. Shimo likijaa lazima maji yajue pa kwenda, vinginevyo yataamua yenyewe, na kwa kawaida huamua sebuleni kwa jirani.

Wenye mfinyanzi, shika tanki la kuchelewesha: maji ya paa yanaingia, yanatoka kwa tundu la milimita 25 chini, yanaisha polepole. Usilifanye tanki la kuhifadhi. Likikaa limejaa, mvua ya pili haina pa kuingia.

Kokoto7

Sawa fundi, hili la tundu dogo sikulijua kabisa. Swali: pevingi zenye matundu katikati ya kuota nyasi zinasaidia au ni urembo?

FundiKaro

Zinasaidia kama chini yake hujashindilia kifusi cha moramu. Wengi wanamwaga moramu, wanapiga kompakta, halafu wanapanga pevingi zenye matundu juu. Hiyo ni sakafu yenye vishimo vya kuzalia mbu. Chini weka kokoto za robo tatu ya inchi unene wa sentimita 20, juu mchanga mkavu sentimita 4.

Kisima_Kirefu

Naongeza upande wa maji ya kunywa, maana yanayotiririka kwenda mtaroni ni maji ambayo hayakuingia kisimani.

Ukanda wa pwani ya Dar, yaani Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach na Kigamboni, una maji matamu yanayoelea juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga. Kanuni yake: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia chini yake mita 40 hivi za maji matamu. Igeuze sasa. Ukishusha kimo cha maji kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi unapanda mita 20. Kisima cha mita 60 kilichokuwa salama kinaanza kutoa chai ya chumvi.

Mji unapiga pande mbili kwa mpigo: juu umefunika kwa zege, mvua haizami. Chini kila geti lina pampu.

Mambo ya kufanya kwa mwenye kisima. Nunua kipimo kidogo cha EC (kinachoonyesha chumvi iliyo majini), pima kila mwezi siku ile ile baada ya pampu kukimbia dakika 15, andika. Namba ikipanda miezi mitatu mfululizo, usiongeze kina cha kisima kwa kudhani utayapata matamu chini. Huko ndiko chumvi iliko. Punguza kasi ya kuvuta: lita 1,000 kwa saa kwa saa 6 ni nafuu kuliko lita 3,000 kwa saa 2, japo jumla ni ile ile, kwa sababu pampu kali inainyonya chumvi kama mrija. Kibali cha kuchimba na cha kutumia maji ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

Halafu nitrati, kemikali inayotokana na vinyesi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Mitaa iliyobanana yenye vyoo vya shimo, visima vifupi ndivyo vinavyoonja kwanza. Kuchemsha kunaua vijidudu, nitrati hakuiondoi. Kunaizidisha kidogo, maana maji yanapungua na nitrati inabaki.

FundiKaro, kwenye shimo lako ongeza hili: maji ya paa tu, na liwe mbali na choo na kisima, mita 30 kutoka kisima cha kunywa.

FundiKaro

Nimekubali. Kiwanja cha 20 kwa 30 chenye kisima na choo, mita 30 hazipatikani. Hapo chagua tanki.

Bi_Mikoko

Kaka zangu mmeongelea juu tu, niwashushe mdomoni mwa mto. Pale Selander, Mtoni na Kunduchi mikoko ilikuwa inavunja mawimbi, inashika tope lisiende kwenye matumbawe, na kulea kamba na samaki wachanga. Sasa inapokea uchafu wa mji mzima.

Mchu, aina mojawapo ya mikoko, una mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama penseli. Hizo ndizo pua zake. Tope la kutoka juu likizidi sentimita kumi na kitu kwa mkupuo, au mifuko ikitanda juu yake, mti unakufa wima bila kukatwa na mtu. Kwa hiyo kinachoua mikoko mjini si panga peke yake, hata ule mchanga wa viwanja vya Kimara aliousema Kijito umo.

Kuhusu kampeni za upandaji, nitasema bila kuficha: miche mingi inakufa kwa sababu ya kupanda mkoko wenyewe (ile aina moja yenye jina hilo, siyo mikoko yote) mahali si pake. Watu wanauchukua kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka, wanauchomeka kwenye tope la wazi linalotazamana na bahari. Mbele kabisa kunapenda mlilana na mchu. Mkoko unafuata nyuma, kando ya mikondo. Mkandaa na msinzi vinakaa nyuma zaidi, ambako maji ya bahari yanafika mara chache. Ukivuruga mpangilio huo unapanda miche ya kupigia picha tu.

Hatua ya kwanza wala si kupanda. Angalia kwanza kama maji kupwa na kujaa yanaingia na kutoka. Kama kuna tuta la barabara, fungua kalavati. Mahali pengi maji yakirudi na mbegu zipo jirani, mikoko inaota yenyewe. Ukilazimika kupanda mkoko: okota mbegu iliyokomaa, utaijua kwa pete ya njano shingoni. Ikiwa kijani kibichi usiivute. Chomeka theluthi moja ya urefu ndani ya tope, achana mita 1 hadi 1.5. Kagua baada ya wiki sita. Ukiona mche umevaa vijigamba vya baharini (vijidudu vyenye gamba vinavyogandia) hadi umeelemewa, mahali hapo panazama maji muda mrefu mno. Usirudie kupanda hapo hapo.

Na kukata mikoko bila kibali ni kosa, wasiliana na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania).

Tanuru

Mmesahau msitu. Huduma nyingine ya asili inayolilisha Dar ni mkaa, na hii haikai ndani ya mipaka ya jiji. Watafiti waliofuatilia misitu kuzunguka Dar walikuta ukanda wa kuchoma mkaa ulikuwa ndani ya kilomita 20 hivi mwaka 1991. Kufikia 2005 umefika kilomita 50. Mbele ya mkaa unatangulia wimbi la mbao: kwanza mbao za thamani kama mninga na mkongo, halafu za kati, mwisho kila kinachoshika moto. Jiji linakula msitu kwa zamu kama anayekula kuku, mapaja kwanza, mwisho anatafuna mifupa.

Tanuru la udongo la kienyeji linatoa mkaa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa kuni kavu. Kwa gunia la kilo 50, ukipata asilimia 15, umechoma kilo 330 za kuni. Tanuru lililopangwa vizuri, lenye bomba la moshi na magogo yaliyokauka wiki kadhaa, linafika 25 au zaidi, gunia lile lile kwa kilo 200. Hasara kubwa inatokea kwa kuchoma kuni mbichi na kuacha ufa kwenye udongo usiku wakati mchomaji amelala. Hewa ikiingia, mkaa unakuwa majivu.

Pugu na Kazimzumbwi vimepona kwa tabu, na pale ndipo chimbuko la Msimbazi. Kilima kikibaki kipara, rudini kwenye hesabu ya mleta uzi.

mchicha_wa_bonde

Naomba kuuliza, ile mboga inayolimwa kando ya Msimbazi ukiosha vizuri na maji ya chumvi haina shida?

Bi_Mikoko

Mdogo wangu, kuosha kunapunguza vumbi, mayai ya minyoo na vijidudu vilivyo juu ya jani. Risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, vinaingia kwa mizizi, viko ndani ya jani lenyewe. Vipimo vilivyofanywa miaka tofauti kwenye mboga na udongo wa bonde lile vimekuta metali nzito kupita kiwango. Mboga za majani ni mbaya zaidi kuliko za matunda. Na masika kuna wanaotapisha vyoo mtoni mvua ikikolea, na maji hayo ndiyo yanayotanda shambani.

Bonde lile ni shamba zuri kwa maji na rutuba, ndiyo uchungu wake.

Kijito

Tanuru kanikumbusha upande wa Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Yote miwili inakunywa mto mmoja unaotoka milima ya Uluguru. Oktoba na Novemba 2022 mto ulishuka na jiji likaingia kwenye mgao, mitambo ikiwa mizima kabisa.

Msitu wa Uluguru hauwaletei mvua ya ziada. Kazi yake ni kuyachelewesha maji, yanayonyesha Aprili yaonekane Septemba. Bwawa la Kidunda la mita za ujazo milioni 190 litafanya sehemu ya kazi hiyo kwa zege, ila bwawa lina adui yule yule wa kalavati la Jangwani: tope. Kila shamba la mteremkoni lisilo na matuta linajaza bwawa. Kule Kibungo Juu wakulima waliwahi kulipwa na watumiaji wa maji wa Dar ili wachimbe matuta ya fanya juu (unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu) na kupanda miti na nyasi. Gharama ya kuzuia tope shambani ni ndogo kuliko ya kulichimbua bwawani, lakini anayelipa ya kwanza si anayelipa ya pili, ndiyo maana inakwama.

Kokoto7

Na mchanga wa kujengea? Malori yanashuka mtoni kila siku.

Bi_Mikoko

Hilo ni deni jingine. Ufukwe wa Kunduchi ulikuwa unalishwa mchanga na mito kama Tegeta na Mbezi. Ukiuchota mtoni, bahari inaendelea kuchukua mgao wake kila msimu na hakuna wa kurudishia, ufukwe unarudi nyuma. Halafu mwenye hoteli anajenga ukuta wa mawe, wimbi linagonga, linachimba mguu wa ukuta na kumla jirani asiye na ukuta. Kule juu nako, mto ukichimbwa sakafu inashuka, kingo zinakuwa wima, zinabomoka na nyumba zikiwa juu.

FundiKaro

Wenye kingo zinazobomoka: viroba vya mchanga vinadumu masika mawili, jua linavila. Nyasi za vetiva, vipande vyenye machipukizi matatu, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina, mstari ufuate kontua (usawa unaokata mteremko), siyo ushuke na mteremko. Mstari unaofuata ushuke mita 1 hadi 2 za wima. Panda mwanzo wa mvua, ziba pengo lolote ndani ya mwezi wa kwanza, maana maji hutafuta pengo moja tu. Mizizi inashuka hadi mita 3. Haizuii mto wenye mkondo wa kugonga kona, hapo ni gabioni (makasha ya waya yaliyojazwa mawe), na msingi wake uchimbwe chini ya kina ambacho mto unachimba.

mchicha_wa_bonde

Na mwembe wa uani kwangu, uko mita 2 kutoka ninapotaka kuchimba shimo la sokawei, niukate?

FundiKaro

Usiukate. Sogeza shimo.